Mtali wa Kushoto

Mguu wa Mwanamkisi uliungwa nyuma ya pazia, na hapo ndipo ubaya wote ulipoanzia.

Nyumba ilikuwa Langoni, mtaa mmoja wa mji wa Amu, ya ghorofa, mlango wake umekaribiana na ukuta wa jirani hata mtu mwenye kikapu sharti apite ubavu. Mwanamkisi hakuzaliwa hapo. Alizaliwa Pate, akakulia kwenye shamba la tumbaku la mama yake, akienda shamba na kurudi mjini, mjini na kushuka pwani, bila kujua kwamba miguu ni kitu cha kufikiriwa. Alipofika miaka kumi na tisa akaolewa Amu na Alwi, mfanyabiashara wa ngozi na samli, mtu wa kwenda Barawa na kurudi. Mama wa Alwi, Bi Umulkheir, alimpokea mlangoni na chetezo cha ubani, akainama mwenyewe akamvisha mitali miwili ya fedha, mmoja kila mguu.

"Hii ilikuwa ya mama yangu," akamwambia. "Mwanamke wa nyumba hii husikiwa akipita ndani. Nje haonekani."

Kutoonekana nje kulikuwa na chombo chake, nacho ni shiraa. Lilikuwa pazia kubwa la kitambaa lililoshikizwa kwenye fito. Mabibi walitembea katikati, na wajakazi walikamata fito mbele na nyuma, hata ikapita njiani kama nyumba ndogo yenye miguu. Basi serikali ilipotangaza kwamba watumwa wako huru, Tima, aliyekuwa akishika fito ya mbele tangu utoto wake, aliiegemeza fito ile ukutani, akaifuta vumbi kwa upande wa leso yake, akasema, "Bi Umulkheir, mikono yangu imemaliza kazi." Akaenda kupanga chumba mtaa wa pili akawa anapika vitumbua vya kuuza. Tangu siku ile Bi Umulkheir hakukanyaga njia. Miaka mitatu alikuwa akipanda darini na kushuka kiwandani, yaani ule ua wa katikati ya nyumba, na ulimwengu wake uliishia hapo. Mkaza mwana naye akaishia hapo pamoja naye.

Siku ya kuvunjika ilikuwa siku ya ndimu. Mwanamkisi alikuwa amezianika darini kwa ajili ya achari, zimekauka vizuri, ngozi imekuwa ya kahawia na chumvi imeng'ang'ania kama mchanga. Akazijaza siniani, akashuka ngazi za mawe huku haoni nyayo zake. Zilibaki ngazi tatu. Mguu wa kushoto ulikanyaga ndimu moja iliyotangulia kudondoka, ukageuka kwa nje, mwili ukaja wote juu yake. Sinia ilifika chini kabla yake, na mlio wake ulisikika mpaka msikitini.

Akaitwa Mzee Wazir, fundi wa kuunga mifupa, ambaye mikono yake ilikuwa imenyoosha nusu ya mabaharia wa Amu. Alikuja na kibuyu chake cha mafuta ya ufuta na fito zake za upongoo, ule uti wa kuti la mnazi. Akakuta pazia limetandwa katikati ya kiwanda. Upande huu yeye na Alwi, upande ule Mwanamkisi amelala kwenye mkeka, na Bi Umulkheir amepiga magoti karibu na mguu.

"Hebu niuone," akasema Mzee Wazir.

"Hauonwi," akajibu Bi Umulkheir.

"Basi niushike yuu ya nguo."

"Haushikwi. Wewe nambie la kufanya, nitashika mimi."

Mzee Wazir akamtazama Alwi. Alwi akatazama viatu vyake. Basi kazi ikafanyika hivyo, mikono ya mtu mmoja na akili ya mtu mwingine, na kitambaa kati yao.

"Kamata kisigino, vuta kuya kwako. Polepole. Mwanamkisi, mwanangu, lia tu, usijizuie. Sasa sikiza, Bi Umulkheir, hapa ndipo penye kazi. Tazama kidole gumba. Chatazama wapi?"

Mguu ulikuwa bado umeviringishwa leso. Bi Umulkheir aliona haya kuufunua na mwanamume yuko umbali wa mkono mmoja, hata kama pazia lipo. Akapapasa juu ya leso, akagusa kitu alichokidhania kidole.

"Kiko sawa."

"Kiko mstari moya na goti?"

"Nimekwambia kiko sawa, Bwana Wazir."

"Haya. Funga."

Siku arubaini zilipotimia fito zilifunguliwa, na Mwanamkisi akaona kitu ambacho hakukisahau mpaka kufa kwake. Goti lake lilitazama mbele na unyayo wake ulitazama mlango wa jikoni.

Mzee Wazir hakuitwa tena. Bi Umulkheir alitangaza kwa wageni kwamba mguu umepona, alhamdulillahi, ila umebaki na ukaidi kidogo. Huo "ukaidi kidogo" ulikuwa hivi: kisigino hakifiki chini. Alitembea kwa ukingo wa ndani wa unyayo, na nundu ya kifundo ilisugua sakafu mpaka ikafanya sugu nyeusi. Ngazi alizipanda kwa makalio, moja moja. Kuchuchumaa hakuwezi. Kwenye swala alikaa upande kama mgonjwa, naye alikuwa na miaka ishirini na mbili. Mtali wa kushoto haukuingia tena kwa uvimbe, akauweka sandukuni. Wa kulia akaendelea kuuvaa, na nyumba nzima ikawa inajua yuko wapi: mlio, kimya, mlio, kimya.

Miezi kumi na sita ikapita hivyo. Halafu Alwi, alipokuwa akijiandaa na safari ya Barawa, akasimama mlangoni pa chumba akasema huku akifunga mkanda wake:

"Nikirudi nitakupeleka kwenu Pate ukapumzike."

"Nimechoka na nini hata nipumzike?"

"Mwanamkisi, usinifanyie ubishi. Pale Mtangawanda nitakutafutia punda. Hutakanyaga tini."

Sasa, kila mtu wa visiwa vile anajua kwamba chombo kikubwa hakifiki Pate penyewe. Unashuka Mtangawanda, halafu ni mwendo wa miguu mpaka mjini, kati ya mikoko na minazi. Na njia hiyo ina watu. Mwanamkisi alijiona juu ya punda, mguu umening'inia upande, wanawake wameacha majembe kutazama, na mama yake amesimama mlangoni akipokea bidhaa iliyorudishwa. Na alijua mapumziko ya namna hiyo hayana mwisho, na kwamba kabla ya mwaka kwisha pangekuwa na bibi harusi mwingine wa kuvishwa fedha.

"Pate nitakwenda," akamwambia. "Lakini juu ya punda hunioni. Nitakwenda kwa miguu yangu miwili."

Alwi akacheka, si kwa ubaya, kama mtu anavyomcheka mtoto aliyesema atakunywa bahari. Kicheko kile ndicho kilichomponza.

Siku chache baadaye Tima alipita na vitumbua vyake. Alikuwa bado akipita, si kwa utumwa, kwa mazoea na kwa Mwanamkisi. Akaketi, akamtazama akisogea kutoka kizingiti hadi mkekani.

"Bi mdogo, umemsikia daktari mpya?"

"Yupi?"

"Mhindi, Mahmud jina lake, Mwislamu kama mimi na wewe, nimemuona Ijumaa. Yule hamali aliyeangukiwa na boriti mwaka juzi, mguu ukawa kama mundu, wamkumbuka? Amemvunja upya akamnyoosha. Jana nimemuona yuabeba gunia."

"Amemvunja upya?"

"Amemlaza kwa dawa, akamvunja. Mwenyewe asema hakusikia kitu mpaka alipoamka akasikia vyote."

Mwanamkisi akavuta sahani ya vitumbua. Alikula kitumbua kimoja, akala cha pili, akajipangusa vidole. Halafu akainuka kwa kushika ukuta akamfuata mavyaa wake jikoni.

"Mama, nataka kwenda kwa daktari."

Bi Umulkheir alikuwa akichagua mchele kwenye uteo. Mkono wake ulisimama. "Kufanya nini?"

"Mguu."

"Mguu umeungwa."

"Umeungwa vibaya."

"Umeungwa!" Chuya zikaruka uteoni. "Mwanamume akushike mguu? Akukate kama samaki? Na utapita wapi? Shiraa nani ataishika? Hutoki."

Mwanamkisi akauliza kwa upole, "Tima, utaishika?"

"La, Bi mdogo. Shiraa sishiki," akasema Tima kutoka kiwandani. "Lakini mkono wako nitaushika."

Tima akaingia, akamvua Mwanamkisi leso yake ya juu, akamfunika buibui lake mwenyewe, vazi ambalo wakati ule wanawake wa kawaida ndio kwanza walikuwa wakilivaa na mabibi wa nyumba kubwa wakiliona utovu wa adabu. Mwanamkisi akalifungua sanduku, akatoa mtali wa kushoto, akautia katika pindo la nguo. Bi Umulkheir alisimama katikati ya mlango wa nje amenyoosha mikono.

"Ukitoka hivyo, utakuwa umenivua nguo mimi."

"Mama, nipishe. Nikikusukuma nitaanguka, na nikianguka utakuwa umenivunja mara mbili."

Sijui ni neno gani katika maneno hayo lililomgusa Bi Umulkheir. Lakini mikono yake ilishuka.

Ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua kali, njia imejaa. Punda wamebeba mawe, mafundi wamekaa madakani mbele ya milango wanachonga, watu wanatoka sokoni. Mtali mmoja unalia, mlio, kimya, mlio, kimya, na sauti za watu zinazima mbele yake kama taa. Muuza nguo mmoja, mtu wa mdomo, akaita kutoka dukani:

"Bi! Wenda wapi bila shiraa?"

"Nautafuta mguu wangu," akajibu Mwanamkisi bila kusimama. "Ukiuona, nambie."

Dukani watu wakaangua kicheko, na muuza nguo akajitia kazi ya kukunja vitambaa vilivyokwisha kukunjwa. Njia ambayo mtu mzima huimaliza kabla ya mate kukauka, wao walitumia karibu saa nzima. Tima alitaka wapumzike mara tatu. Mwanamkisi alikataa mara tatu.

Hospitali ilikuwa nyumba ya vyumba vinne, kuta zimepakwa chokaa, na benchi moja barazani. Daktari Mahmud alikuwa mtu mwembamba wa makamo, ndevu zimekatwa fupi, Kiswahili chake cha kujifunzia Unguja. Hakumtazama usoni, alitazama mguu. Aliuinua, akauzungusha, akabonyeza hapa na pale, akamwambia asimame, aende ukutani, arudi.

"Nani aliuunga huu?"

"Pazia, Daktari."

Akadhani hakusikia vizuri. Ikabidi aelezwe. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa miwani, akaifuta, akairudisha.

"Sikiliza, Bibi. Mfupa wa nje ulivunjika hapa, juu kidogo ya kifundo. Nundu ya ndani ilikatika. Mifupa yote miwili imeunga, tena imeunga kwa nguvu, lakini nje ya mahali pake, na unyayo umeteleza nje pamoja nayo. Dawa ya kupaka haipo. Nitapasua, nikate ule wa nje upya, nifungue wa ndani, niurudishe unyayo chini ya muundi, kisha niifunge mifupa kwa uzi wa fedha isitoroke. Huenda kifundo kisikunjike kama zamani. Huenda kidonda kikaingia usaha. Huenda…"

"Huenda nikarudishwa Pate juu ya punda," akamkata Mwanamkisi. "Hiyo siyo huenda. Kata."

Daktari akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Mambo mawili. Kwanza, siwezi kumlaza mwanamke kwa dawa ambayo huenda asiamke bila mtu wa nyumba yake kujua na kukubali. Mume yuko wapi?"

"Barawa."

"Basi mkubwa wa nyumba. Pili, uzi wa fedha sina. Nikiagiza Mombasa ni miezi miwili."

"Miezi miwili sina," akasema Mwanamkisi. Akauweka mtali mezani. "Fedha ni hii. Sonara yuko Langoni. Na huyo mkubwa wa nyumba atakuja."

"Una hakika gani?"

"Kwa sababu mimi siondoki."

Akaketi kwenye benchi la baraza. Siku ya kwanza watu walipita kumwangalia. Siku ya pili walipita na jamaa zao. Alilala chumba cha wagonjwa wanawake pamoja na Tima, na kukipambazuka tu hurudi benchini pake, mguu ameunyoosha mbele waziwazi, ile sugu nyeusi ikitazamwa na kila mwenye macho. Kuna mwanamke alimtupia maneno: "Mguu wa mke wa mtu hadharani kama nyama ya bucha!" Mwanamkisi akamjibu, "Ya bucha hununuliwa, mwenzangu. Hii hata bure hawaitaki." Yule mwanamke alicheka bila kupenda, akakaa naye kidogo, na baadaye akaleta uji.

Asubuhi ya siku ya tatu njia ikanyamaza tena. Mbele alikuja Mzee Wazir na bakora yake. Nyuma yake, amejiviringisha shuka mbili mpaka akawa kama mzigo wa kitani, mkono mmoja ukiupapasa ukuta, alikuja Bi Umulkheir. Bila shiraa. Katika umri wake wote hakuwahi kupita njia ile akiwa anaonwa na mawe yake. Alipofika barazani alikuwa anahema kama aliyetoka kuogelea.

"Nimemleta fundi," akamwambia Daktari. "Amwambie mbele yako kwamba mguu aliuunga sawa, kisha nimchukue mtoto wangu nyumbani."

Mzee Wazir akailaza bakora yake chini. Alichuchumaa mbele ya benchi, akanyoosha mikono, akamtazama Mwanamkisi kuomba ruhusa. Mwanamkisi akaitika kwa kichwa. Ndipo yule mzee akafumba macho na kuushika ule mguu, kwa mara ya kwanza, bila leso wala pazia. Vidole vyake vilipanda na kushuka, vikasimama juu ya kifundo upande wa nje, vikazunguka ndani, vikasimama tena.

"Hapa. Na hapa," akasema. "Na unyayo umekwenda nje kiasi cha kidole."

Daktari Mahmud akamwinamia. "Ndivyo hasa, Mzee. Mimi ilinichukua muda zaidi."

"Mimi mguu huu siujui," akasema Mzee Wazir, akafumbua macho, na macho yalikuwa na maji. "Miaka thelathini naunga watu. Huu siujui. Bi Umulkheir, siku ile nilikuuliza kidole gumba chatazama wapi."

 Muuguzi mmoja alikuwa akipita na ndoo, akasimama.

"Nilikuuliza mara mbili," akasema Mzee Wazir.

Mwanamkisi akageuka. Sauti yake haikuwa kubwa. "Mama, mwambie."

Bi Umulkheir akaketi. Hakuchagua mahali, aliketi pale pale kwenye sakafu ya baraza, yeye ambaye hata nyumbani hukaa juu ya zulia. "Sikukiona," akasema. "Mguu ulikuwa ndani ya leso. Nilipapasa tu. Naliona haya kuufunua, nikaona haya zaidi kusema sijaufunua." Akajifunika uso kwa shuka. "Kila ukishuka zile ngazi kwa makalio mimi husikia. Nikiziba masikio, husikia."

 Nadhani wengi pale barazani walingoja Mwanamkisi amwinamie, ambusu mkono, ayamalize. Hakumwinamia.

"Leo sikusamehe, Mama," akasema. "Nitakusamehe nikisimama. Mwambie Daktari akate."

Bi Umulkheir akaiondoa shuka usoni. Kisha akainua kichwa. "Mkate," akasema. "Mimi ndiye mkubwa wa nyumba. Nimekubali."

Daktari akaja na mtali mkononi kuuliza ni nani wa kuupeleka kwa sonara. Bi Umulkheir aliutambua pale pale.  Akanyoosha mkono akauchukua, na hakumpa mtu mwingine. Akaenda nao Langoni kwa miguu, jua limesimama utosini, akaketi kizingitini pa sonara mpaka kazi ikaisha. Alimtazama akiukata, akiuyeyusha, akiusafisha, akiuvuta uzi kupitia matundu ya chuma, kutoka tundu kubwa kwenda dogo, na dogo kwenda dogo zaidi, mpaka ukawa mwembamba kama uzi wa kushonea kofia. Sonara alimwambia aende nyumbani, angeuleta mwenyewe. Akasema, "Safari hii nataka kuona."

Mtali wa kulia ninao mimi, mjukuu wake, sandukuni mwangu, mmoja peke yake, na watu huniuliza mwenzake uko wapi. Wa kushoto ulizikwa pamoja na Mwanamkisi.

Walimpasua Jumatatu. Uzi ulichemshwa kwenye sufuria saa nzima. Tima alisimama kichwani kwake, na msaidizi wa daktari akamwekea kitambaa puani na kudondosha dawa yenye harufu tamu ya kuchukiza. Mwanamkisi alianza kusoma Fatiha kwa sauti, akaapa moyoni kwamba ataimaliza. Alifika katikati. Alipoamka aliimalizia kutoka pale pale alipoishia, kisha akatapika.

Zikafuata siku mbaya. Homa siku tano, usaha kidogo upande wa ndani, Daktari akiosha kidonda asubuhi na jioni, uso wake haufichi wasiwasi. Siku ya sita homa ikashuka. Mguu ulifungwa vitambaa vilivyolowekwa katika unga mweupe uliokauka ukawa jiwe, kutoka vidoleni mpaka chini ya goti. Mwanamkisi akaugonga kwa ukucha.

"Amenipiga lipu," akamwambia Tima. "Umebaki mlango wa kuchonga."

Alwi aliporudi kutoka Barawa alimkuta mkewe amelazwa nyumbani, mguu mweupe juu ya mito mitatu. Alikuwa amekwisha kusikia yote njiani, tena na ya ziada. Alianza kupaza sauti, shiraa, heshima, jina la nyumba, mimi ni nani katika muyi huu. Bi Umulkheir akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Siku ile pazia lilipotandwa ulikuwa wapi?" akamuuliza mwanawe.

"Mama, nilikuwa pale pale."

"Ulikuwa ukitazama viatu. Basi vitazame na leo, unyamaze."

Mwanamkisi akaongeza kutoka kitandani, "Na kunipeleka Pate utanipeleka, Bwana Alwi. Ahadi ni ahadi. Nikifika huko nitafikiri kama narudi."

Wiki kumi baadaye lipu ikakatwa. Mguu ulitoka mwembamba kama muwa uliochunwa, na makovu mawili, moja nje moja ndani. Daktari akamwambia asimame. Aliposimama, kisigino kiligusa sakafu. Alikaa hivyo muda mrefu sana, hataki kuinua mguu wa pili, akisikia baridi ya sakafu chini ya kisigino. Kisha ikaja miezi minne ya kujifunza, kiwandani asubuhi na jioni, kwa magongo mawili, kwa gongo moja, kwa ukuta, kwa hewa. Mzee Wazir alikuja kila Alhamisi na mafuta yake kumkanda, na hapakutandwa kitu. Kifundo hakikurudi kukunjika chote. Kuchuchumaa kulimchosha mpaka uzeeni. Lakini ngazi alizishuka wima.

Walikwenda Pate mwezi wa Mfungo Sita, yeye, Alwi na Bi Umulkheir, ambaye hakualikwa na aliyesema atakuja. Waliposhuka Mtangawanda Alwi akaenda moja kwa moja kwa mwenye punda, akarudi akimvuta mnyama amewekewa godoro zuri mgongoni.

"Kwa tahadhari tu," akasema, akitazama pembeni. "Ndia ni ndefu."

"Vizuri," akasema Mwanamkisi. "Mpandishe Mama."

Bi Umulkheir akataka kukataa, lakini miguu yake haikuwa na mazoea ya mchanga. Akapandishwa. Mwanamkisi akaichukua kamba kutoka mkononi mwa mumewe akatangulia. Alichechemea kidogo, hasa mahali pa mizizi ya mikoko. Hakuna aliyemwambia apumzike. Wanawake mashambani waliinua vichwa, wakaona bibi wa Amu yuko juu ya punda na uso wazi kwa joto, na mtoto wa kwao anatembea mbele, na mume nyuma amebeba kikapu. Mmoja akapiga kigelegele bila kujua sababu, na wengine wakampokea.

Paa za Pate zilipoanza kuonekana juu ya minazi, Mwanamkisi akasimama. Akauweka mguu wa kushoto mbele, akapandisha nguo mpaka juu ya kifundo, kovu likaonekana, njia imejaa watu.

"Mama," akasema bila kugeuka. "Kidole gumba chatazama wapi?"

Bi Umulkheir akashika shingo ya punda, akainama upande mpaka Alwi akakimbia kumzuia asianguke. Akatazama goti, akashuka na macho mpaka kidoleni, akarudi gotini, akatazama tena bila haraka.

"Chatazama Pate," akasema.

Mwanamkisi akaangusha nguo, akaivuta kamba.

"Haya, Mama," akasema. "Jishike vizuri, tunakaribia."